Nyumba Isiyopika Nyama

Zaina alizika kichwa cha ng'ombe saa nne ya asubuhi, jua limepamba moto, katika mwaka wa njaa ambao watu wa Bagamoyo walishaanza kuchemsha ngozi za kukalia. Alichimba shimo nyuma ya jiko, akakitumbukiza kichwa na pembe zake na ulimi wake, akawa anafukia kwa miguu kama anayepanda mahindi.

"Zaina! Unamzika nani?"

Sauti ilitoka juu ya ua wa makuti. Alikuwa Mardhiya, jirani yake, mjane aliyetoka eda wiki ile ile, na shingo yake ilikuwa imerefuka kwa kuchungulia.

"Namzika ng'ombe," alijibu Zaina.

"Ng'ombe mzima?"

"Kichwa tu."

"Haya, poleni na msiba. Hitima lini?"

Walicheka wote wawili, halafu Mardhiya akaona udongo umefika kwenye macho ya ng'ombe na miguu haiachi kufukia. Kicheko kikamkauka.

"Shoga, huna utani? Wanangu jana wamelala na maji ya ukwaju. Nifukulie hicho kichwa."

"Hakiliwi, Mardhiya. Ngoja nikupe kunde."

"Sikuomba kunde. Kwa nini hakiliwi?"

Zaina alifungua mdomo, akaufunga. Sababu aliijua, lakini mumewe alikuwa amemwapisha asiitoe nje ya mlango. Akatafuta uongo haraka haraka, akakosa, akasema kitu cha kweli ambacho kilikuwa kibaya kuliko uongo.

"Kwa sababu nyumba hii hatuli nyama."

Kabla hata adhuhuri haijaadhiniwa, mji mzima ukawa umeshajua kwamba mke wa mchinjaji ameingia dini ya Banyani, Wahindi wasiokula nyama.

*

Mume wa Zaina aliitwa Msabaha, naye ndiye aliyekuwa na kisu cha mji. Ng'ombe wa harusi, wa hitima, wa misafara iendayo bara, wote walipita mkononi mwake kwa bismillahi. Ujira wake ulikuwa kichwa, makongoro na utumbo. Pesa haikuwamo. Kwa hiyo ukisema nyumba ya Msabaha haili nyama, ni kama umesema nyumba ya mvuvi inaogopa maji. Watu walicheka mpaka wakasahau njaa kidogo, na hiyo nayo ilikuwa faida.

Msabaha alikuwa hajui lolote. Alitoka zake machinjioni na kapu begani, akapita njia ya madukani kama siku zote. Kulikuwa na Banyani mmoja muuza nguo ambaye kila akimwona Msabaha na kapu lake la utumbo alikuwa anaziba pua kwa ncha ya shuka na kugeukia ukutani. Siku hiyo Banyani yule alisimama mlangoni, akaunganisha viganja, akainamisha kichwa kwa heshima zote.

"Karibu, karibu, Bwana Msabaha. Mama nyumbani hajambo?"

Njia nzima ikaangua kicheko. Mchukuzi mmoja akatua mzigo wake chini ili acheke vizuri. "Shemeji yako huyo, Msabaha! Mpe mkono!"

Alifika nyumbani kapu limempinda shingo.

"Ulimwambia nini Mardhiya?"

"Nilimwambia hatuli nyama," alisema Zaina. Alikuwa anachambua mchicha, na binti yao Bimdogo, wa miaka sita, alikuwa anakula mabua mabichi pembeni. "Ulitaka nimwambie mume wangu anachinja ng'ombe wanaokata roho?"

"Sema polepole."

"Nimesema polepole miezi mitano, Baba Bimdogo."

Miezi mitano ilikuwa kweli. Ng'ombe wa bwana Sadallah, tajiri wa misafara, walikuwa wanafika kutoka bara wanayumba kama walevi, na kabla hawajafa Msabaha anaitwa mbio. Mmoja wa ng'ombe hao alimchuna pamoja na Mohamedi, mume wa Mardhiya, aliyekuwa na mchubuko mkononi. Mchubuko ukawa kipele, kipele kikawa donda jeusi lisilouma, na siku ya tano Mohamedi akazikwa. Wiki hiyo hiyo Bimdogo, aliyekunywa supu ya ng'ombe yule, alihara damu siku tisa. Ya kumi Zaina akamlaza mtoto mapajani akaweka nadhiri: akipona huyu, sufuria yangu haitapika nyama tena. Mtoto akapona. Mardhiya aliambiwa mumewe kapigwa na jini wa mtoni. Walipomfukizia nyumba, chetezo alishika Msabaha.

"Tungekula wale wazima tu," alisema sasa, kwa sauti ya mtu anayeomba.

"Na mzima nitamjuaje? Mchicha ukioza nauona. Kunde ikiliwa na mdudu ina tundu. Nyama inaniletea nini? Imeshakatwa, haina uso, nimuulize nani aliugua nini?" Aliinua shina moja la mchicha akamtikisia. "Halafu huyo ng'ombe mwenyewe anakula majani. Kwa nini nimngoje yeye anilie majani yangu, ndipo nimle yeye? Si niyale mimi?"

Msabaha alitaka kucheka, akashindwa.

"Hata kichwa unachoniapia ni cha mzima, tukikitafuna siku mbili kimekwisha," Zaina aliendelea. "Nikimpa yule mama mkulima wa Fukayosi ananipa vibaba vinne vya kunde. Siku kumi! Mwanao amenenepa, hebu mtazame, katika mwaka huu! Nani mwingine mtaani amenenepa?"

Bimdogo, aliyesikia anatajwa, alitoa tumbo mbele ili atazamwe.

*

Alhamisi alasiri Msabaha aliitwa barazani kwa Sadallah. Sadallah alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na kila alipotaka kusema jambo baya alikuwa anakuitia kahawa kwanza.

"Kunywa, kunywa. Msabaha, mimi nakupenda. Lakini watu wamenijia. Wanasema mkono unaolala nyumba ya Banyani hauwezi kutuchinjia. Wanasema nyama yako haishuki kooni."

"Mke wangu anaswali, bwana. Mwalimu huyu hapa anamjua, kamsomesha mwenyewe."

Mwalimu Ramadhan, mzee wa chuo cha Kurani, aliyekuwa amekaa pembeni, alijikuna ndevu. "Kwa kweli, dini haimlazimishi mtu kula nyama. Mtu anaweza..."

"Mwalimu," alisema Sadallah taratibu, "wale watoto wako wa chuo mpunga wa wiki hii wameshapelekewa?"

Mwalimu akaangalia kikombe chake. Akakaa hivyo, anakiangalia, mpaka mazungumzo yakaisha.

"Kesho baada ya sala ya Ijumaa nina hitima ya marehemu baba," alisema Sadallah. "Mji mzima utakula kwangu. Mlete mkeo. Ale tonge moja la nyama mlangoni, watu wamwone, yaishe. Asipokula, utaniachia hicho kisu, nimpe mwingine. Tonge moja, Msabaha! Mimi hapa natoa ng'ombe mzima, wewe huwezi kutoa tonge?"

Watu wa barazani walicheka. Msabaha naye alicheka, maana alikuwa bado ana kahawa ya mwenyewe mkononi.

*

"Tonge moja tu," alimwambia Zaina.

Zaina alikuwa anatwanga kisamvu. Hakusimamisha mchi. "Nadhiri yangu je?"

"Utafunga siku tatu, ndiyo kafara yake. Zaina, nikipokonywa kisu tutakula nini? Hicho kichwa unachopeleka Fukayosi utakitoa wapi? Hizo kunde zako zinatoka kwenye kisu changu!"

Hapo mchi ulisimama. Hilo lilikuwa la kweli, na Zaina hakuwa mtu wa kubishana na la kweli. Alifuta jasho kwa leso.

"Ng'ombe atakuwa mzima?"

"Nimemwona mwenyewe, dume jekundu, anapiga watu mateke."

"Niapie."

Msabaha akaapa. Na wakati anaapa alikuwa hasemi uongo hata kidogo, hilo lazima tumpe.

*

Asubuhi alimkuta dume jekundu amefungiwa kamba pembeni, anatafuna zake, na wanyapara wa msafara wanampapasa nyonga. Ameuzwa. Aliyekuwa uwanjani kwa ajili ya hitima alikuwa jike jeusi, amelala ubavu, povu puani.

"Huyu hasimami, bwana," alisema Msabaha.

"Nani anachinja ng'ombe amesimama?" alisema Sadallah. "Anapumua?"

Anapumua, ndiyo. Mbavu zilikuwa zinapanda na kushuka kama mtu aliyekimbia kutoka Makurunge bila kupumzika.

"Basi muwahi kabla hajaacha."

Uani walikuwapo watu zaidi ya thelathini na vikapu vyao, mashavu yamewabonyea. Walikuwa hawamtazami ng'ombe. Walikuwa wanatazama kisu. Msabaha alisoma bismillahi akachinja. Damu ilitoka nyeusi kama lami ya jahazi, ikakaa mchangani bila kuganda. Alipopasua tumbo, bandama lilimtokea mikononi limevimba, jeusi, linamomonyoka kama matope. Alilijua. Lilikuwa ndilo lile lile la siku ya Mohamedi.

"Hilo tupa," alisema Sadallah begani kwake. "Mengine pikeni."

Tangu hapo mpaka saa sita Msabaha alifanya mambo ambayo wapishi walikuja kuyasimulia baadaye. Aliwaambia kuni ni mbichi, wazime moto waanze upya. Walimfukuza. Akasema kaona mjusi kaingia sufuriani. Walikoroga, wakasema mjusi na awemo, naye ni kitoweo. Mara ya tatu aliegemea sufuria kama aliyepatwa na kizunguzungu, akaungua kiwiko, sufuria haikuyumba. Mpishi mkuu akamwambia, "Bwana Msabaha, njaa imekupanda kichwani. Kaa chini, zamu yako ipo."

Alikuwa na neno moja tu la kusema, lingemaliza kazi yote. Lakini kila alipolifikisha ulimini aliona kisu kinakwenda mkononi mwa mtu mwingine, na Bimdogo mwembamba kama ubua.

*

Zaina alikuja amevaa leso mpya, aliyoitunza tangu harusi ya dada yake, amemshika Bimdogo mkono. Uani kulijaa, wanaume kwenye mikeka ya nje, wanawake ndani, na mlango wa katikati ukaachwa wazi ili pande zote zione. Masinia ya pilau yalikuwa yameshashuka, na ya upande wa wanaume yalikuwa yameshaliwa nusu. Mardhiya alikuwa amekaa karibu na mlango, nyama zake amezifunga kwenye pembe ya leso, azipeleke kwa wanawe wawili. Hakuwa amekula hata moja.

"Mama Banyani amefika!" alisema mtu.

"Mpisheni, asije akakanyaga mfupa!"

Mke mkubwa wa Sadallah alimwekea Zaina sinia magotini. Zaina hakuitazama nyama. Alimtafuta mumewe katikati ya wanaume, akampata, akamuuliza kwa macho kama ng'ombe alikuwa mzima.

Msabaha akaitikia kwa kichwa.

Zaina akakata tonge, akatia kipande, akaweka mdomoni. Wanawake wakapiga vigelegele. Sadallah akacheka kwa furaha ya kweli, kama aliyemwozesha binti. Ingeishia hapo, maana Msabaha alikuwa ameshajiambia kwamba kipande kimoja hakiui, kwamba Zaina ana nguvu, kwamba wengine wanakula ng'ombe hawa na hawafi. Alijiambia mengi kwa muda mfupi.

"Na huyu mdogo," alisema yule mke mkubwa. "Asije akawa ndiye Banyani aliyebaki. Mwanangu, fungua kinywa."

Bimdogo, mtoto mwenye adabu, akafungua kinywa.

Msabaha hakukumbuka baadaye alivyofika. Alipita juu ya mikeka, juu ya mapaja ya watu, akapiga ule mkono, akalipiga teke sinia. Pilau ikaruka. Ikamwagikia wanawake, ikamwagikia mlango, ikatandaa mchangani, katika mwaka ule, na ua mzima ukatoa sauti moja kama mtu aliyechomwa kisu.

"Tema!" alimpigia Zaina kelele. "Tema! Ng'ombe alikuwa mgonjwa! Nimemchinja anakufa!"

Zaina akatema. Halafu akabaki amemtazama, punje za wali zimemganda shavuni.

Watoto walikuwa wameshainama chini, wanaokota. Mwalimu Ramadhan aliinuka.

"Msabaha. Ulipoweka kisu, alikuwa hai au amekufa?"

"Hai, Mwalimu."

"Ulisoma?"

"Nilisoma."

"Basi ni halali," alisema mwalimu, karibu kulia.

"Ni halali," alisema Msabaha. "Na inaua."

"Amechanganyikiwa," alisema Sadallah. Hakupandisha sauti. "Wamemwingiza na yeye Ubanyani. Nipe kisu changu, Msabaha, uende zako. Nyie kuleni, jamani, kuleni."

Na wapo waliokula. Mzee mmoja hata hakuwa ameacha kutafuna, alisema bila kuinua uso, "Nikifa, angalau nife nimeshiba." Msabaha alichomoa kisu kiunoni akakiweka mkekani.

Mardhiya alikuwa amesimama. Ile pembe ya leso yenye nyama ameikamata kwa mikono yote miwili.

"Shemeji. Mohamedi?"

Msabaha alikitazama kisu pale mkekani.

"Nimekuuliza. Jini wa mtoni?"

"Hapakuwa na jini, Mardhiya. Alikuwa ng'ombe kama huyu. Nilijua."

"Ukanishikia chetezo."

"Nikakushikia chetezo."

Watu walidhani atampiga. Alifungua leso, akaziangusha nyama miguuni pa Msabaha, moja moja, kama anazihesabu. Vipande sita. Mbwa alikuja, akafukuzwa na watoto.

"Umeniulia mume, umeniambia uongo, na leo umenitoa chakula mkononi," alisema. "Sasa nipe cha kuwapa wanangu. Sasa hivi."

*

Mardhiya alikuwa wa kwanza kuingia ua wa Zaina, na wanawe wawili. Nyuma yake walikuja wale waliokuwa hawajala, halafu waliokula kidogo wakaogopa, halafu waliosikia tu kwamba kunapikwa. Hakuna aliyepiga hodi. Walikaa chini kila mtu na kifuu chake, wakangoja, kama watu waliokuja kudai.

Zaina hakumwambia mumewe neno ila moja. "Koka."

Msabaha akakoka moto. Zaina akateremsha mtungi wa kunde, ule uliokuwa uwafikishe mvua za masika, akaupindua wote. Akachuma mchicha mpaka ua ukabaki vumbi. Kisamvu Msabaha alitwanga mwenyewe, mwanamume mzima, mbele ya wanawake, na wakati mwingine wangemcheka wiki nzima. Siku hiyo waliangalia tu mchi usichelewe.

Walikula. Hakuna aliyesema asante wala aliyetaja Banyani. Mwanamke mmoja alilamba kifuu, akasema, "Chumvi imepungua." Zaina akampa chumvi, yote iliyokuwapo.

Saa kumi na nusu sufuria ilikuwa tupu, na Bimdogo alikuwa ndani yake, anaikwangua kwa ukucha. Watu wakaanza kuondoka. Mardhiya aliwabeba wanawe, mmoja mgongoni na mmoja kiunoni. Wote wawili walikuwa wamelala, midomo imekuwa kijani. Alifika mlangoni akageuka.

"Kesho mnapika nini?"

Zaina alimtazama mumewe. Ilikuwa mara ya kwanza tangu alipotema.

"Uliniitikia kwa kichwa," alimwambia.

"Njooni tu," Msabaha alimwambia Mardhiya, akachukua jembe.

Nyuma ya nyumba walikuwa na matuta kumi na mawili ya mihogo, iliyopandwa vuli, bado miezi minne ikomae. Aling'oa shina la kwanza. Mizizi ilikuwa minene kama vidole vya mtoto. Akang'oa la pili na la tatu, hivyo hivyo, akawa anaikung'uta mchanga na kuikusanya kwenye kapu lile la utumbo, na miti yake anaitupilia mbali kwa hasira.

Alikuwa kwenye tuta la nne aliposikia udongo unachanika upande wa pili. Zaina alikuwa ameinama kwenye tuta lake, leso mpya ameifunga kifuani, anang'oa. Hakumtazama. Walifanya kazi hivyo mpaka kapu likafika nusu, na nusu yenyewe ilikuwa ya mlo wa mchana mmoja tu kwa wale watu wote.

"Hiyo miti usiitupe," alisema Zaina. "Ikate vipande. Tunapanda tena leo."